Redoksi na umeme wa kemikali: maswali ambayo wanafunzi huniuliza kila muhula

Nafundisha kemia ya sekondari, na hakuna mada inayowatoa wanafunzi wangu jasho kama hii. Si kwamba ni ngumu. Wengi huanza kwa kukariri majina (anodi, kathodi, kioksidishaji) kabla hawajajua nani katoa na nani kapokea. Kila swali lililo hapa chini nalijibu kwa kuuliza kwanza jambo moja: elektroni (chembe ndogo ya atomu yenye chaji hasi) imetoka wapi, na imekwenda wapi? Ukishika hilo, majina yatakaa yenyewe.

Mmenyuko wa redoksi ni nini hasa?

Ni mmenyuko ambao elektroni zinahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Anayetoa elektroni amepata oksidisho. Anayepokea amepata ridaksheni. Hayo mawili hayaachani, kwa sababu elektroni haiwezi kutolewa bila kuwepo wa kuipokea. Ndiyo maana majina yameunganishwa likawa moja: redoksi.

Njia nzuri ya kuliona ni kwa mrututu, zile chembe za buluu ambazo wakulima wanazijua kama dawa ya ukungu wa mimea. Kikemia ni salfeti ya shaba. Yeyusha kijiko kidogo kwenye nusu glasi ya maji, upate maji ya buluu yanayopendeza. Chukua msumari wa chuma usiopakwa zinki, usugue kwa msasa hadi ung'ae, kisha uutumbukize nusu yake. Usiondoke, angalia. Ndani ya dakika moja au mbili ile sehemu iliyozama inageuka rangi ya udongo mwekundu. Ukiuacha hadi kesho, utakuta utando laini unaobanduka kwa kidole, na ubuluu wa maji umefifia. (Mrututu ni sumu ukimezwa. Glasi hiyo isirudi jikoni, na osha mikono.)

Ule wekundu ni shaba. Ilikuwa imeyeyuka majini kama ioni (atomu yenye chaji) Cu²⁺, ikapokea elektroni mbili kutoka kwenye chuma, ikawa shaba kamili:

Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu

Chuma kimetoa elektroni mbili na kuingia majini kama Fe²⁺. Kwa hiyo ule msumari haukupakwa shaba tu kama rangi ya ukutani. Chuma chenyewe kimeondoka na shaba ikakaa mahali pake. Mwanafunzi akiliona hili kwa macho yake mara moja, nusu ya kazi yangu imekwisha.

Kama ni habari ya elektroni, kwa nini inaitwa oksidisho? Oksijeni imeingiaje?

Jina ni la zamani kuliko maarifa. Mwishoni mwa karne ya 18, Antoine Lavoisier wa Ufaransa alipoonyesha kwamba vitu vinavyoungua vinaungana na oksijeni, tendo hilo likaitwa kwa jina la oksijeni. Tendo la kinyume, yaani kuiondoa oksijeni kwenye mawe ya madini ili ibaki metali, likaitwa upunguzaji (ndiyo ridaksheni), maana uzito wa mawe ulipungua. Elektroni haikujulikana hadi mwaka 1897.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko majina yote hayo. Wafua chuma wa Buhaya, huko Kagera, waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyotoka kwenye mkaa iliinyang'anya oksaidi ya chuma oksijeni yake:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Hesabu elektroni hapo utakuta kila Fe³⁺ imepokea tatu. Maana ya zamani na maana ya sasa zinakubaliana, ila ya sasa ni pana zaidi: msumari wetu kwenye mrututu umepata oksidisho na oksijeni haikuhusika hata kidogo.

Nasahau kila mara yupi anatoa na yupi anapokea. Kuna njia ya kukumbuka?

Wanafunzi wangu hutumia hii: Oksidisho, elektroni zina-Ondoka. Ridaksheni, elektroni zina-Rudi. O kwa O, R kwa R.

Kioksidishaji mbona ndicho kinachopata ridaksheni? Hapo ndipo ninapopotea kabisa.

Wengi wanapotea hapo hapo, kwa hiyo tusiharakishe. Jina "kioksidishaji" linaeleza kile ambacho kitu hicho kinamfanyia mwenzake, si kile kinachokipata chenyewe. Mfikirie mdai anayekuja nyumbani kuchukua chake. Aliyedaiwa anabaki mikono mitupu, mdai anaondoka nacho. Kioksidishaji ndiye mdai: anamfanya mwenzake apoteze elektroni, na elektroni hizo zinaishia kwake. Basi yeye amepokea, yaani amepata ridaksheni.

Katika mfano wa msumari, kioksidishaji ni Cu²⁺, na kipunguzaji (kile kinachotoa elektroni) ni chuma.

Namba ya oksidisho naipataje?

Kanuni chache zinatosha. Elementi ikiwa peke yake ni 0. Ioni ya atomu moja, namba ni sawa na chaji yake. Oksijeni ndani ya kampaundi kwa kawaida ni −2 (kwenye peroksaidi, kama H₂O₂, ni −1). Haidrojeni ni +1, isipokuwa ikiungana na metali peke yake, hapo ni −1. Jumla ya namba zote iwe sawa na chaji ya kampaundi au ioni nzima.

Jaribu kwa MnO₄⁻. Oksijeni nne ni −8, chaji ya ioni ni −1, kwa hiyo manganizi ni +7. Namba ikipanda katika mmenyuko, ni oksidisho. Ikishuka, ni ridaksheni. Isipobadilika popote, huo si mmenyuko wa redoksi. Asidi kukutana na besi, kwa mfano, si redoksi.

Nifanyeje kusawazisha mlinganyo wa redoksi? Kubahatisha kumenichosha.

Acha kubahatisha. Gawa mmenyuko nusu mbili, sawazisha kila nusu peke yake, kisha ziunganishe. Tuchukue pamanganeti (MnO₄⁻) na ioni za Fe²⁺ ndani ya asidi, mmenyuko unaopendwa sana kwenye mitihani ya vitendo.

Nusu ya kwanza: MnO₄⁻ → Mn²⁺. Kulia hakuna oksijeni, kushoto zipo nne. Ongeza maji manne kulia. Sasa kulia kuna haidrojeni nane, ongeza H⁺ nane kushoto:

MnO₄⁻ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O

Atomu ziko sawa. Chaji je? Kushoto ni −1 + 8 = +7. Kulia ni +2. Elektroni tano upande wa kushoto zitaishusha +7 hadi +2:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Nusu ya pili ni nyepesi: Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻.

Sasa angalia: nusu ya kwanza inahitaji elektroni tano, ya pili inatoa moja tu. Kwa hiyo ya pili izidishwe mara tano ndipo ziunganishwe, na elektroni zifutane:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Kagua mara ya mwisho kwa chaji: kushoto −1 + 8 + 10 = +17, kulia +2 + 15 = +17. Imekubali. Ukaguzi huu wa chaji ndio wanafunzi wanaouruka, na ndio unaowaponza. Atomu zikiwa sawa lakini chaji hazilingani, kuna elektroni umeipoteza njiani.

Pale maabara utaona zambarau ya pamanganeti ikitoweka kila tone linapoangukia kwenye chupa, mpaka Fe²⁺ ziishe. Tone linalofuata hubakiza rangi ya waridi isiyofutika. Hapo funga bomba la bureti (mrija wenye vipimo unaodondosha pamanganeti) na usome.

Mmenyuko huu unatoaje umeme?

Rudi kwenye msumari. Elektroni zilihama moja kwa moja kutoka chuma kwenda shaba, hapo walipogusana, na nguvu yake ikapotea kama joto dogo. Sasa fikiria umewatenganisha: anayetoa chombo hiki, anayepokea chombo kile, na kati yao waya. Elektroni hazina njia nyingine ila kupita kwenye waya. Elektroni zinazopita kwenye waya ndio mkondo wa umeme. Weka taa katikati, itawaka.

Safari ya kufika hapo ilianza na chura. Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliona miguu ya chura aliyekufa ikishtuka ilipoguswa na metali mbili tofauti, na mwaka 1791 akachapisha maoni yake kwamba umeme ulikuwa ndani ya mnyama. Alessandro Volta hakukubali. Aliamini siri iko kwenye zile metali mbili, na mwaka 1800 akaithibitisha kwa kupanga visahani vya zinki na fedha, katikati akiweka vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka, na chura hakuwepo. Betri za leo zote ni watoto wa rundo lile.

Seli mtakayoikuta vitabuni ni ya John Daniell wa London, ya mwaka 1836: zinki ndani ya salfeti ya zinki, shaba ndani ya salfeti ya shaba.

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻
Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Inatoa takriban volti 1.10.

Daraja la chumvi lina kazi gani? Waya si unatosha?

Hautoshi. Fuata chaji. Upande wa zinki, ioni chanya Zn²⁺ zinazidi kumiminika majini. Upande wa shaba, ioni chanya Cu²⁺ zinaondoka majini na kubaki salfeti hasi. Muda mfupi sana upande mmoja unakuwa chanya mno na mwingine hasi mno, na elektroni zinakataa kusonga. Taa inazima.

Daraja la chumvi (hata kipande cha karatasi ya kuchujia kilicholoweshwa naitreti ya potasiamu kinatosha) linaruhusu ioni kupita: hasi zinaelekea upande wa zinki, chanya upande wa shaba. Chaji zinasawazishwa na umeme unaendelea. Naomba ukumbuke: elektroni hazipiti ndani ya maji ya seli. Zinapita kwenye waya. Ndani ya maji wanaosafiri ni ioni.

Anodi ni chanya au hasi? Mwalimu mmoja alisema hasi, kitabu kinasema chanya.

Wote wawili wako sahihi, kila mmoja alikuwa anazungumzia seli tofauti. Ndiyo maana nawasihi msiitambue anodi kwa alama. Itambue kwa kazi: Anodi hu-Achia elektroni, Kathodi huzi-Kamata. A kwa A, K kwa K. Hilo halibadiliki kamwe.

Kwenye betri inayotoa umeme, elektroni zinaachwa na kurundikana kwenye anodi, kwa hiyo ni hasi. Kwenye elektrolisisi, yaani pale unapotumia umeme wa nje kulazimisha mmenyuko ambao usingetokea wenyewe, chanzo cha umeme ndicho kinachozivuta elektroni kutoka kwenye anodi, kwa hiyo imeunganishwa na ncha chanya. Alama imegeuka, kazi imebaki ile ile.

Jedwali la E° linasomwaje?

E° ni volti za nusu mmenyuko. Linapima hamu ya kupokea elektroni, likilinganisha na haidrojeni iliyopewa 0.00. Fluorini iko juu kabisa na +2.87 V, shaba +0.34 V, chuma −0.44 V, zinki −0.76 V, sodiamu −2.71 V. Mwenye namba kubwa ndiye mpokeaji. Toa: E° ya kathodi kasoro E° ya anodi. Kwa seli ya Daniell, 0.34 − (−0.76) = 1.10 V.

Kosa moja linanisikitisha kila ninaposahihisha karatasi: mwanafunzi akizidisha nusu mmenyuko mara mbili, anaizidisha na E° pia. Usifanye hivyo. Volti ni kama urefu wa maporomoko ya maji. Ukiongeza maji, urefu hauongezeki.

Kwa nini nikipitisha umeme kwenye maji ya chumvi sipati sodiamu?

Kwa sababu pale kathodi kuna wagombea wawili, ioni ya sodiamu na maji yenyewe, na maji hupokea elektroni kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo unapata gesi ya haidrojeni, na ndani ya maji inabaki haidroksaidi ya sodiamu. Upande wa anodi, chumvi ikiwa nyingi, inatoka klorini. Klorini ni gesi ya sumu, usilifanye jaribio hili chumbani kwako.

Ukitaka sodiamu, ondoa maji kabisa. Humphry Davy alifanya hivyo London mwaka 1807: alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyuka akapata potasiamu, na siku chache baadaye akapata sodiamu kwa njia hiyo hiyo.

Nipe mfano wa hesabu za Faraday, zile za kutafuta kiasi cha metali kutokana na umeme uliopita.

Mkondo wa ampea 2.0 unapita dakika 30 kwenye salfeti ya shaba. Shaba kiasi gani itakaa kwenye kathodi?

Chaji = 2.0 × 1,800 = kulombi 3,600. Moli (kipimo cha wingi wa chembe) moja ya elektroni ni kulombi 96,500 hivi, kwa hiyo tumepata moli 3,600 ÷ 96,500 = 0.0373 za elektroni. Kila Cu²⁺ inakula elektroni mbili: moli 0.01865 za shaba. Zidisha kwa 63.5 (gramu za moli moja ya shaba), ni gramu 1.18.

Dakika zigeuzwe sekunde, na ule mgawanyo wa mbili usisahaulike. Makosa mengi ni hayo mawili.

Nyumbani tukianika betri za redio juani zinapata nguvu tena. Ni kweli au ni imani tu?

Ni kweli, ila jua halizichaji. Betri hizi za kawaida zinatokana na seli aliyoibuni Georges Leclanché mwaka 1866: kopo la zinki ni anodi, katikati kuna kijiti cha kaboni kilichozungukwa na daioksaidi ya manganizi, na kati yao uji mzito wenye ioni. Betri ikitumika, mazao ya mmenyuko hurundikana karibu na kijiti na kuziba njia. Joto hulainisha mambo: ioni zinatembea kwa wepesi zaidi, mmenyuko unaharakishwa, na kile kidogo kilichokuwa kimekwama kinatoka. Redio inazungumza, labda taarifa ya habari inaisha. Lakini zinki iliyokwisha kuliwa hairudi.

Chunguza betri iliyovuja na utaona ushahidi: kopo limetoboka. Lile kopo ndilo lililokuwa mafuta ya safari. Limetoa elektroni zake mpaka likaisha ukuta. Kwa sababu hiyo hiyo usiziache juani mchana kutwa, wala usizitupie motoni.

Betri ya gari au ya sola inachajiwaje basi, wakati ya redio haiwezi?

Kwa sababu mazao ya mmenyuko wake yanabaki yameshika kwenye sahani, tayari kugeuzwa. Betri ya risasi, iliyobuniwa na Gaston Planté mwaka 1859, inafanya hivi inapotumika:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Kila seli inatoa volti 2 hivi, na sita zilizopangwa mfululizo zinafikia 12. Ona kwamba asidi inatumika na maji yanazaliwa. Ndiyo maana fundi anatumbukiza haidromita, kipimo cha uzito wa asidi: asidi nzito, karibu mara 1.28 ya maji, betri imejaa. Ikikaribia 1.1, imeisha. Ukichaji, mlinganyo unarudi kinyumenyume. Ukizidisha kuchaji, maji yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja, kwa hiyo kiberiti na sigara viwe mbali. Na betri ya risasi ikiachwa bila chaji wiki nyingi, ile PbSO₄ hugeuka fuwele ngumu zisizorudi. Betri nyingi za sola vijijini hufa kwa njia hiyo.

Kwa nini bati lililokwaruzika linachelewa kutu, lakini kopo lililokwaruzika linaoza haraka?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kutu ni seli ndogo ya umeme juu ya chuma: sehemu moja chuma kinaachia elektroni, sehemu nyingine oksijeni na maji vinazipokea. Chumvi huyafanya maji yapitishe ioni vizuri zaidi, ndiyo maana madirisha ya nyumba za Mombasa na Unguja zilizo karibu na bahari yanaliwa kabla ya yale ya bara.

Bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki (−0.76) inaachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma (−0.44). Ukilikwaruza, zinki ya pembeni inajitoa kafara na chuma kinabaki salama hadi zinki iishe. Kopo la chakula limepakwa metali nyingine, stani (−0.14). Hiyo huachia elektroni kwa shida kuliko chuma. Kwa hiyo mkwaruzo ukifikia chuma, mambo yanageuka: chuma kinakuwa anodi, kinaliwa, na stani iliyokizunguka inakisukuma kiliwe upesi.

Mafundi wa meli wanaitumia siri ya bati kwa makusudi. Ukipata nafasi ya kuona meli ya chuma ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, tazama chini ya mkia, karibu na rafadha: kuna vibonge vya zinki vimefungwa kwa bolti. Vile vya zamani vimejaa mashimo kama muwa uliotafunwa. Kikibaki kidogo, fundi hukifungua na kuweka kipya, kabla bahari haijahamia kwenye chuma.